Vijana wa uhifadhi wanamaliza kazi saa saba mchana: ni kazi kweli au ni posho tu?

#1 Mwana wa Isongole
Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne mwaka jana, sasa yuko kwenye kikundi cha vijana wa uhifadhi huku kwetu chini ya Mlima Rungwe. Anatoka nyumbani giza bado halijaisha, saa kumi na moja na nusu, panga mkononi na kiporo kwenye kopo. Saa nane mchana namwona anapita mbele ya duka langu, matope mpaka magotini, ananiamkia, anakwenda kulala. Mama anasema kazi ya kuishia saa saba haijawahi kumjengea mtu nyumba.

Mimi picha zao nimeziona. Wamejipanga mstari, kila mmoja kashika mche, fulana zote mpya. Naomba mnieleze huko mlimani wanafanya nini hasa, na kwa nini wanaishia saa saba. Wenye uzoefu tu jamani.

#2 Chai Mbili
Nimeweka kigoda changu mbele kabisa.

#3 Kaka Mafinga
Kamwene. Mimi nilifanya vibarua kwenye mashamba ya miti Mufindi kabla sijaingia kikundi cha kijijini. Jibu langu ni fupi: kipande. Asubuhi mnapimiwa. Wewe mstari huu mpaka ule, mwenzako unaofuata. Mipaina inapandwa mita tatu kwa tatu, hekta moja inaingia miche 1,111, kwa hiyo msimamizi hana haja ya saa, anahesabu mistari. Ukimaliza saa tano, nenda. Ukimaliza saa kumi jioni, shauri yako. Vikundi vingi vya vijana vimeiga utaratibu huohuo kwa sababu wanaovisimamia walitokea mashambani humo. Mdogo wako akirudi saa nane mshukuruni Mungu, ana mkono mwepesi.

#4 Baba Tumpe
Ugonile. Kaka Mafinga, ya Mufindi yabaki Mufindi. Kwetu Rungwe hakuna cha kipande, kuna mvua. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Msimu ukishakolea, asubuhi jua linachomoza vizuri, ikigonga saa saba wingu limeshuka mpaka kwenye migomba. Udongo wetu ukilowa unateleza kama mlenda, na wewe uko kwenye mteremko na panga mkononi. Nani atabaki huko?

#5 Chai Mbili
Na Agosti je? Mvua ya Agosti inanyesha wapi?

#6 Baba Tumpe
Agosti wanawahi kwa mazoea.

#7 Chai Mbili
Hahaha, mzee umetupiga chenga ya mwili.

#8 Mzee wa Kwanja
Mleta uzi umeuliza maswali mawili, watu wamekimbilia lile jepesi. Ngoja nijibu la kwanza, maana nimekaa kwenye kikundi cha namna hiyo, upande huohuo wa mlima, mpaka nilipooa.

Kupanda miti ni kazi ya majuma machache tu kwa mwaka. Mvua ikishakaa vizuri, Desemba na Januari, basi. Hizo picha ulizoziona zimepigwa siku hizo, tena siku ambayo mgeni kaja na gari. Miezi mingine yote hakuna anayekuja na kamera, kwa hiyo watu wanadhani vijana wamelala.

Siku yenyewe inakwenda hivi. Mnakutana kitaluni, katibu anaita majina. Wenye zamu ya kumwagilia wanamwagilia kabla jua halijatoka. Wengine mnanoa, na kunoa usikuone mchezo, kwanja butu linamchosha mtu kuliko mlima. Kisha mnapanda. Kupanda peke yake ni saa nzima na zaidi, na huko ndiko zinakoishia nguvu ambazo mama haoni.

Juu mnafyeka kangaga. Msitu ukishaungua ndilo jani linalowahi kuota, linafunika eneo lote, mche wa porini haupati mwanga hata ukijitahidi vipi. Mnafyeka huku mnatafuta miche mliyopanda mwaka uliopita, na hapo ndipo penye shughuli. Vijiti vya alama watu wamekwisha okota kuni. Mnapapasa kwa mikono, na panga unaliweka chini kabisa, maana nusu ya miche inayokufa inakufa kwa panga la mwenye kuipalilia. Ukiupata unauzungushia kisahani, majani makavu unayatandaza shinani yatunze unyevu. Uliokufa unaandikwa kwenye daftari, mvua ikija pengo lake linazibwa. Daftari hilo ndilo kila mtu anachukia kulibeba, kwa sababu likionyesha vifo vingi anayeulizwa ni aliyelishika.

Saa nne mnakula kiporo. Saa sita mnaanza kushuka, mnapitia chanzo cha maji kuangalia kama kuna aliyelima kingoni au ng'ombe wameingia. Saa saba na nusu mko chini. Sasa hesabu mwenyewe kutoka saa kumi na moja na nusu alfajiri: ni masaa nane kamili. Mtu wa ofisini akikaa muda huo anasema ameshinda kazini.

#9 Mwana wa Isongole
Ahsante sana Mzee wa Kwanja. Nimemsomea mama hiyo hesabu. Kajibu kwamba yeye shambani hajawahi kuhesabu masaa.

#10 Mlingoti Mrefu
Mmeruka kazi yao kubwa, kung'oa miti ya watu. Mimi nina milingoti (mikaratusi) bondeni aliyoipanda marehemu baba. Nguzo, kuni, ada za wanangu, vyote vimetoka humo. Vijana wamekuja na mwenyekiti wa kitongoji, wamepiga alama nyekundu shina kwa shina. Wanasema sheria imekataza mlingoti ndani ya mita 60 kutoka mtoni.

#11 Binti Rujewa
Mlingoti Mrefu, vijana wamekueleza nusu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, haijautaja mlingoti kwa jina. Inakataza shughuli za kudumu za binadamu, au zozote zinazoweza kuathiri hifadhi ya kingo za mito, mabwawa na maziwa, ndani ya mita 60. Kwa hiyo hata ukikata milingoti yote ukajenga banda la nguruwe palepale, bado umo.

Halafu kumbukeni kuna watu huku chini tunasubiri hayo maji. Kiangazi Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka tangu miaka ya tisini.

#12 Mlingoti Mrefu
Ninyi mnachepusha maji usiku kuingiza majarubani, leo milingoti ya baba yangu ndiyo imekausha Ruaha?

#13 Binti Rujewa
La kuchepusha usiku silikatai. Kikundi chetu nusu ya kazi ni hiyohiyo: kufungua na kufunga mageti ya mifereji kwa zamu, kuzoa tope, kurudisha maji mtoni, na kutukanwa. Anayekutukana asubuhi ni mwenye shamba la juu, wa mchana ni wa shamba la chini. Tunaanza saa kumi na mbili, saa sita tumemaliza, kwa sababu jua la Usangu mchana halimtazami mtu usoni. Kwa hiyo sababu ni jua. Hiyo mvua ya Baba Tumpe na kipande cha Mnyalukolo ni za kwenu.

#14 Kaka Mafinga
Mnyalukolo anakusikia, shemeji.

Tena nimekumbuka jambo, upepo. Kuanzia Juni tunasafisha barabara za moto kuzunguka msitu: kufyeka, kukwangua mpaka udongo uonekane, kisha kuchoma pembezoni mapema kabla majani hayajakauka sana. Huchomi mchana. Unachoma asubuhi umande ukianza kukauka, upepo ukiwa bado umelala. Mchana upepo ukiamka na wewe umeshika kiberiti, utalihama kijiji. Ikifika Septemba na Oktoba hakuna tena kuchoma, ni kulinda tu. Mmoja anakaa mlimani anaangalia moshi, wengine mko standibai na matawi mabichi na madumu ya maji. Wanaotuchomea ni walewale kila mwaka: wasafisha mashamba, wawinda panya, warina asali.

#15 Nyuki Dada
Hapo kwenye warina asali simama kwanza. Anayechoma msitu ni mwizi wa asali. Mrina asali ana bomba la moshi, mavazi na akili timamu. Kikundi chetu tuna mizinga ya kisasa pembeni ya msitu na sisi ndio wa kwanza kupiga simu moto ukionekana, maana unaoungua ni mtaji wetu.

Na mjue hizo sababu zenu zote za kuwahi hazitugusi. Kurina ni jioni, giza likiingia. Mchana tunafyeka chini ya mizinga, tunapaka grisi nguzo za kuning'inizia ili sisimizi wasipande, tunakagua kama maji ya nyuki yapo. Jioni ndiyo ajira. Mume wangu alilalamika mwezi mzima, asali ilipouzwa akanyamaza.

#16 Mshamba wa Makete
Nimewasoma wote. Ninyi wa saa kumi na moja na nusu njooni Kitulo mwezi Juni au Julai tuwaone. Asubuhi majani yote yameganda, mpini wa jembe haushikiki. Tunaanza saa tatu jua likishapasha, tunamaliza saa kumi. Kwa hiyo huo muda wenu wa saa saba mimi siutambui.

Kazi yetu sisi wa vijiji jirani na hifadhi miaka yote ni kuzuia wachimba chikanda, vile viazi vya okidi vinavyopelekwa Zambia kuliwa. Ukichimba kiazi, ua limekwisha, halioti tena hapo. Kwa hiyo unatembea, unatembea tena, unaangalia vishimo vidogo kwenye nyasi. Kazi ya macho na miguu. Mkimkuta mtu hamumgusi, mnatoa taarifa kwa askari wa hifadhi.

#17 Wa Uyole
Kitulo yetu ya Mbeya, bustani ya Mungu. Raha sana Februari.

#18 Mshamba wa Makete
Yenu ya wapi? Sehemu kubwa iko Makete, Mkoa wa Njombe. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na sisi tulikuwepo. Ninyi mnapanda zile kona 57 kutoka Chimala mnatapika njia nzima, mkifika mnajiita wenyeji.

#19 Wa Uyole
Nimekubali nimepigwa. Basi turudi Rungwe, huko ni kwetu bila ubishi. Mwana wa Isongole, muulize mdogo wako kama ameshamwona kipunji, yule nyani aliyegunduliwa mwaka 2005.

#20 Mwanafunzi wa Zamani
Marekebisho mawili. Kwanza kipunji ni kima, nyani ni wale wa kubweka barabarani wanaoiba mahindi. Pili, watafiti walimwona Rungwe mwaka 2003, wengine wakamkuta Ndundulu kwenye Milima ya Udzungwa mwaka 2004. Mwaka 2005 ndipo walipoungana kumtangaza. Mwaka 2006 ikaonekana hafanani vya kutosha na jamaa zake, akapewa jenasi yake mwenyewe yenye jina la mlima wetu.

#21 Baba Tumpe
Na hilo jina kipunji walilitoa wapi kama si kwa wawindaji wa Kinyakyusa? Babu zetu walimgundua lini?

#22 Mzee wa Kwanja
Nimemsikia mara nyingi kuliko kumwona. Mlio wake wa ajabu, mkali, ukiwa na kwanja unasimama. Anakaa juu kwenye miti mikubwa, hapendi kushuka. Ndiyo maana tunahangaika na kangaga. Msitu ukikatika katikati, kundi la huku haliwezi kuvuka kwenda kule.

#23 Mwanafunzi wa Zamani
Kwa kuwa mama kaingiza suala la kujenga nyumba, niongeze la Marekani kidogo. Mwaka 1933, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, Rais Franklin Roosevelt alianzisha kikosi cha vijana wasio na ajira wakapelekwa misituni na hifadhini. Walikaa kambini, wakalipwa dola 30 kwa mwezi, na dola 25 katika hizo zilitumwa moja kwa moja kwa wazazi. Mpaka kikosi kinavunjwa mwaka 1942 walikuwa wamepanda miti zaidi ya bilioni tatu. Tangu 1970 wana kikosi kingine cha wadogo, miaka 15 hadi 18, kazi za likizo ya kiangazi: kukarabati njia za miguu, kujenga uzio, kung'oa magugu vamizi. Masaa 40 kwa wiki. Gawanya kwa siku tano, inakuja ileile ya Mzee wa Kwanja.

#24 Chai Mbili
Dola 25 kwa mama, 5 kwa kijana! Mwana wa Isongole, huu ujumbe namba 23 usimsomee mama yako.

#25 Mwana wa Isongole
Nimechelewa, kashasikia. Anauliza hao Wazungu ofisi yao iko wapi.

#26 Tangawizi
Acheni kuzunguka mbuyu. Mvua, jua, upepo, umande, vyote mapambo. Wanaishia saa saba kwa sababu ya posho. Elfu tano kwa siku huwezi kumshikilia kijana mpaka jioni. Anaachiwa mapema akalime viazi vyake au akashike pikipiki.

Mimi nilikuwa kwenye kikundi cha mradi mmoja, sitautaja. Fulana tulipewa, mabuti tulipewa, posho ikaja miezi ya mwanzo. Mradi ukafunga ofisi, posho ikakatika, na kitalu siku hizi ni shamba la kabichi. Kabichi nzuri, lakini kabichi.

#27 Nyuki Dada
Tangawizi pole, ila mlikosea kusubiri posho. Sajilini kikundi kwa ofisa maendeleo ya jamii, mwombe mkopo wa halmashauri. Katika ile asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne ni za vijana, nne za wanawake, mbili za watu wenye ulemavu. Sisi mizinga tuliipata hivyo.

#28 Tangawizi
Dada, mkopo unarudishwa. Mvengi, ule mti wa asili wa kando ya maji, ukipandwa chanzo cha maji unamlipa nani?

#29 Wa Uyole
Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Wenye majibu waje.

#30 Mzee wa Kwanja
Hauwezi kulipa mwenyewe, lazima ubebwe. Kwetu unabebwa na parachichi. Nusu ya kitalu ni miti ya asili, nusu ni parachichi. Tunaotesha kokwa za kienyeji, miche ikikomaa tunabebesha, yaani tunaunganishia kikonyo cha parachichi aina ya Hass, tunawauzia wakulima wa Rungwe na mpaka Njombe. Na kubebesha ni kazi ya kivulini na mkono uliotulia, kwa hiyo waliobaki kitaluni huwa wanamaliza hata saa kumi na moja jioni. Hao hawapiti mbele ya duka lako saa nane, Mwana wa Isongole, ndiyo maana hujawaona.

#31 Kaka Mafinga
Na hao wa kubebesha wanalipwaje?

#32 Mzee wa Kwanja
Kwa mche ulioshika.

#33 Kaka Mafinga
Kipande! Nilisema tangu ujumbe wa tatu.

#34 Baba Tumpe
Kipande cha kitaluni si kipande cha mlimani. Mlimani ni mvua.

#35 Mwana wa Isongole
Wakuu nimemkalisha mwenyewe leo, nimemuuliza ana kwa ana kwa nini wanaishia saa saba. Kasema katibu ndiye mwenye ufunguo wa stoo ya vifaa, na saa nane katibu anaanza zamu yake ya bodaboda. Asipowahi kufunga stoo, kesho panga halionekani.

#36 Chai Mbili
Hahahaha. Milimita 2,000 za Baba Tumpe zote zimesombwa na bodaboda.

#37 Baba Tumpe
Na kwa nini katibu amechagua zamu ya saa nane? Kwa sababu mvua ya saa saba imemshusha mlimani. Fikirini.

#38 Tangawizi
Na kwa nini katibu anaendesha bodaboda? Posho. Fikirini zaidi.

#39 Wa Uyole
Niwatoe nje ya mada kidogo. Nina chemchemi nyuma ya nyumba, inapungua kila kiangazi. Mivengi naipataje? Mbegu zinauzwa?

#40 Mzee wa Kwanja
Usinunue mbegu za kwenye pakiti, mvengi mbegu yake haikai. Tafuta mti mkubwa kando ya mto, matunda yakiiva meusi okota yaliyodondoka, menya nyama yake, osha, otesha siku hiyohiyo au kesho yake ingali mbichi. Ikikauka umepanda kokoto. Weka kivulini, udongo wa msituni changanya na mchanga kidogo, viriba virefu maana mzizi unashuka haraka. Usihamishie nje mpaka mvua ishike. Na kuzunguka chemchemi usilime kabisa, acha majani yenyewe yarudi, mara nyingi hayo peke yake yanafanya kazi kubwa kuliko miche.

#41 Binti Rujewa
Na ng'ombe wasinywee palepale kwenye jicho la maji. Chimba mfereji mdogo, wanywee chini.

#42 Wa Uyole
Shukrani wakuu, nimeandika.

#43 Mlingoti Mrefu
Swali kwa Mzee wa Kwanja. Huo mvengi unachukua miaka mingapi mpaka utoe nguzo ya umeme?

#44 Mzee wa Kwanja
Hautoi nguzo mkuu. Unajipinda.

#45 Mlingoti Mrefu
Basi mimi na wewe tumemaliza mazungumzo.